Breki za Gari la Harusi

Mbeya mjini,
Jumapili, baada ya ibada.

Mama Tumaini, mke wangu,

Kamwene. Natumaini barua hii inawakuta wazima, wewe, watoto na mama. Kifua cha mama kimepata nafuu? Na Tumaini, bado anaogopa kuvuka mto kwenda shule? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo haijatulia, na leo nitakueleza kwa nini.

Barua yako niliipata. Nimerudia mara nyingi pale uliposema balozi wa nyumba kumi amewataka muwe mmehamia kijiji kipya kabla ya mvua, na kwamba kuta mmeshasimamisha wewe na mama, ila wa kupanda kuezeka paa hakuna. Nilikuahidi nitakuja gari likiisha. Ni lile gari la zamani ambalo tajiri wetu alilinunua kwa mlowezi mmoja, kuku walikuwa wanatagia ndani. Tumelifufua kwa miezi minane, mimi na fundi mwenzangu Ambakisye, Mnyakyusa wa Tukuyu. Tajiri anataka liwabebe mwanawe na bibi harusi huko kwetu Iringa.

Kila kitu kilikubali isipokuwa breki. Ukikanyaga, pedeli inazama laini kama umekanyaga tope. Ukiipampu mara tatu nne inakuwa ngumu, ukiiacha kidogo inalegea tena. Hiyo ni dalili ya upepo ndani ya mabomba. Tukatoa upepo magurudumu yote manne, tukarudia, tukarudia tena, pedeli ile ile. Nilipolijaribu kwenye mteremko wa Mlima Nyoka, lilishuka nami bila kusikia breki, nikaliingiza kwenye tuta la udongo ndipo likasimama.

Tajiri akauliza kosa ni la nani. Masta silinda, ile inayosukuma maji ya breki, raba zake mpya alifunga Ambakisye. Nikasema labda ni raba. Nilisema "labda", Mama Tumaini, lakini tajiri hakulisikia neno hilo, na mimi sikulirudia. Ambakisye alifukuzwa siku hiyo hiyo. Alinawa mikono, akachukua kofia yake, akaondoka bila kunitazama.

Nikabaki peke yangu na gari. Nikaomba ruhusa ya siku nne nije kuezeka. Tajiri akanijibu kwamba cheti changu cha ufundi kimo kabatini mwake, na kitatoka siku gari litakapotoka. Bila cheti, gereji gani itanipokea? Kila asubuhi naingia getini nikiwaza paa lenu, kila jioni nalala kwenye chumba cha nyuma ya stoo nikiwaza lile lile.

Juzi nikabana mipira inayopeleka maji ya breki, gurudumu moja baada ya jingine. Nilipobana wa mbele kulia, pedeli ikawa ngumu kama jiwe; basi upepo ulikuwa kwenye gurudumu hilo. Nikafungua gurudumu. Pale kuna silinda mbili ndogo, moja juu, moja chini, na ile yenye nati ya kutolea upepo lazima ikae juu, maana upepo hupanda. Nikaikuta chini. Hata ningetoa upepo mwaka mzima, ule wa juu usingetoka. Na gurudumu lile nililifunga mimi, kwa mikono yangu.

Ningeweza kuzibadilisha nafasi nikanyamaza, nikapewa cheti, nikaja nyumbani. Nilikaa na spana mkononi mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha nikaenda kwa tajiri nikamweleza yote.

Hakupaza sauti. Alimwita Ambakisye, akamrudishia kazi, akasema Ambakisye ndiye atakayeendesha gari la harusi. Mimi nibaki na malori mpaka Pasaka. Ruhusa hakuna, cheti hakitoki. Kwa hiyo siji, mke wangu. Mkono unakuwa mzito kuliandika neno hilo.

Silinda tulizibadilisha pamoja na Ambakisye, yeye akikanyaga, mimi nikifungua nati. Pedeli ikasimama juu. Nikamwomba msamaha. Alifuta vyombo vyote vya kazi kwanza, ndipo akauliza kama nyumba yenu imeshaezekwa, maana barua yako nilimsomea wakati tukiwa marafiki. Nikamwambia bado.

"Sijakusamehe," alisema. "Lakini mama yako hajanikosea kitu. Nikishawafikisha maharusi, siku mbili sina kazi huko Iringa."

Kwa hiyo huyu anayekukabidhi barua hii ndiye Ambakisye. Kazi ya kuezeka anaijua vizuri kuliko mimi. Mtafutie ngazi na kamba, na umpe chakula kwanza. Nimemsomea barua hii yote kabla ya kuifunga, kwa hiyo usimfiche kitu, na usinitetee mbele yake.

Msalimie mama, mwambie asibebe udongo tena. Msalimie kaka akirudi kutoka kwenye mashamba ya chai huko Mufindi, na jirani yetu mkunga. Watoto uwashike vichwa kwa niaba yangu.

Ni mimi mumeo,
Baba Tumaini.