Mababu Wenye Mikia

Jumatatu, 2 Septemba
Nimemaliza kushona sare za shule, nikashuka korongoni. Kama kawaida. Ukingo wa nyuma ya kihamba, shamba letu la migomba na kahawa, umekuwa ukimomonyoka tangu mvua za masika, na kila wiki unanitolea kitu. Leo mataya mawili ya fuko na moja la sange, yule mdogo mwenye pua ndefu. Nasafisha kwa sindano ya cherehani na mswaki wa marehemu mume wangu. Asingekasirika. Hakuutumia sana.

Mifupa imo kwenye udongo mweupe chini ya mwamba ulioinama. Juu ya udongo huo yamelala majivu ya mlima, yameganda kama kiporo cha ugali. Kwa hiyo walikufa kabla mlima haujayatapika. Lini, sijui. Nadhani ni kazi ya bundi. Bundi humeza panya mzima, akatema mifupa na manyoya. Alikula hapa, mimi naosha vyombo.

Panya wa nyumbani wameanza kuguguna mkusanyiko wangu. Nimeuhamishia kwenye chungu cha zamani, nikakifukia hadi shingoni katikati ya masale, ile mimea ya mpakani, jiwe bapa juu. Ni pakavu pale.

Alhamisi, 5 Septemba
Jino geni. Gego lenye mfereji katikati, kama punje ya kahawa. Nimefungua kitabu changu cha wanyama, cha mitumba, nilichonunua Moshi. Kimechanika katikati, sina nyani wala nyumbu. Kamendegere bahati nzuri yumo.

Kamendegere! Huyu ni wa mchanga mkavu kule tambarare, tunakoshuka kukata majani ya ng'ombe. Anaruka kwa miguu ya nyuma kama mpira. Huku kwenye migomba hajaonekana na mtu yeyote. Alifuata nini? Ama huku kulikuwa nyika, ama kuna ndege aliyempandisha mlima. Kamendegere ni mkubwa kama sungura. Ndege gani huyo mwenye bidii hivyo?

Nimemtumia picha Dokta Neema, mtaalamu wa mifupa ya kale. Mwaka jana alikuja kuzungumza kwenye shule ya mji wa Mkuu, akaandika namba yake ubaoni. Wanafunzi hawakuinakili. Mimi nilikuwa nimepeleka sare.

Jumamosi, 7 Septemba
Mabaya. Shemeji Aloyce, kaka wa marehemu, amekuja kusema mwanawe Prosper aliyeko Dar anataka kujenga. Mawe yatachimbwa kwenye ukingo wangu. Vijana wa sururu wanaanza wiki ijayo.

Nikasema watafute kwingine. Akasema, "Kwingine wapi, shemeji, na haya yapo yanatusubiri?"

Kihamba ni cha ukoo. Mimi niliolewa hapa. Nina maoni, mawe sina.

Dokta Neema amejibu. Jino limemshangaza, atakuja tarehe 21. Nisitoe kingine chochote, kwa sababu mahali kila mfupa ulipolala ndipo penye habari. Mimi nimetia yote chungu kimoja kama makande. Nimeona aibu. Kilichobaki cha maana ni ukingo wenyewe, na ukingo una siku chache.

Jumanne, 10 Septemba
Wifi Apolonia alikosana na jirani, akaja kuchuma jani la isale, ndilo letu la kuombea msamaha. Akaona jiwe. Akalifunua. Mayowe yake yamesikika hadi barabarani.

Sikufikiri. Miaka yote hii kwenye ukoo huu, na sikufikiri. Zamani hapa mafuvu ya wazee yaliwekwa kwenye vyungu, chini ya masale. Kila mtu anajua. Mimi pia najua.

Walikusanyika kabla sijavua tepu shingoni.
"Wifi, umewatoa wazee wetu wapi?" akauliza Apolonia.
"Wifi, tazama. Kichwa kidogo kama njugu," nikasema.
"Wakikaa sana ardhini wanapungua," akanijibu.

Shemeji alipiga magoti. Akalitazama taya moja muda mrefu. Akavua kofia. Akasema ni wazee, wametoka ukingoni, na ukingo usiguswe na mtu.

Nikalirudisha jiwe juu ya chungu. Nikisema panya, sururu zinaingia.

Jumatano, 11 Septemba
Chungu kimefukiwa kwa heshima. Shemeji amewamwagia mbege, pombe yetu ya ndizi, fuko watano, sange na kamendegere mmoja. Mimi, Mkatoliki wa kipaimara, nimeitikia. Najidharau. Pia nilikaribia kucheka, nikajifanya nakohoa.

Prosper alipiga simu, ikawekwa sauti kubwa.
"Baba, wazee gani tena? Nondo nimeshaagiza."
"Njoo uwaambie wewe."
Simu ikakatika.

Ijumaa, 13 Septemba
Ukingo umepona na nimeukosa. Nikigusa hata kokoto, Apolonia anaita watu. Dokta Neema atafunga safari yote hiyo aje kutazama kaburi. Nikisema kweli, ataona mifupa na Prosper atapata mawe. Nikinyamaza, ukoo utaendelea kumwombea fuko. Sijawahi kushona nguo mbaya hivi.

Jumamosi, 21 Septemba
Dokta Neema amefika asubuhi. "Shikamoo, baba." Shemeji akaitikia marahaba, akatutangulia korongoni. Njiani nikashindwa kuvumilia.

"Shemeji, wale si wazee."

Hakugeuka. "Fuko wamekula viazi vyangu kabla hujaolewa hapa. Unadhani siwajui kwa meno?"

"Sasa mbona ulivua kofia?"

"Mwamba ule ndio umeshika kahawa yangu. Ukitolewa, mibuni yote inashuka korongoni. Lakini mtoto anayekujengea nyumba unamwambiaje hapana? Wazee wanaweza. Mimi siwezi."

Miaka yote nimejiona ndiye mjanja wa ukoo huu.

Akamruhusu Dokta kukata bonge moja la udongo, kwa kisu kidogo, bila kutikisa mwamba. Ndani yake, chini kabisa ya majivu, punje nyingine ya kahawa: gego la pili la kamendegere. Imelala ilipolala. Nimeigusa kwa macho tu.

Nikamuuliza Dokta kama huku kulikuwa nyika. Akasema jino si hali ya hewa. Labda nyika, labda tai. Atapima majivu, atalinganisha na mifupa ya kwingine, na huenda mwisho akarudi kuniambia hajui, ila kwa uhakika zaidi. Nimempenda.

Jumapili, 22 Septemba
Misa, kisha ndizi. Prosper atanunua mawe kwingine. Apolonia hajaambiwa chochote. Shemeji amesema tusimharibie, sasa ameacha kugombana na majirani.

Jioni nilikaa juu ya ukingo, mikono mapajani. Ukungu ukapanda, ukafunika migomba, halafu kahawa, halafu paa langu. Kwa muda hapakuwa na kijani chochote, mteremko tu, mweupe, mtupu.

Nikatazama kama kuna kitakachoruka kwa miguu ya nyuma.