Msinipe Pole

Mama, mihogo iliyobaki nimeifunika jikoni. Bibi ameze dawa ya presha kabla ya kula. Fadhili, msomee Bibi karatasi hii bila kuongeza chumvi yako.

Nimeondoka bila kuaga kwa sababu nilinuna. Asubuhi tulikuwa tunamcheka mbuzi wa jirani aliyetafuna soksi za Fadhili, na huu mkono wangu unaojirusha wenyewe ulikuwa umetulia kabisa. Mama ukasema, "Mnaona? Leo haujaruka." Wote mkaukodolea macho kama mnasubiri mwezi uandame. Ukaruka. Muhogo ukatua mapajani kwa Bibi, na pole zikamiminika kama tumefiwa.

Daktari alisema siigizi, wala sijarogwa. Mwili umejifunza mchezo huu, na utausahau taratibu kwa yale mazoezi, mradi tusiushangae kila unaporuka. Kwa hiyo Mama, ~~usinifuate shuleni~~ ukinifuata shuleni leo, siku yangu ya kwanza kurudi, acha maandazi getini na usichungulie dirishani. Nitamudu.

Jioni mkono ukiruka, endeleeni na habari za mbuzi.

Halafu, kile kikombe cha maua cha Mama kimevunjika. Mkono hauhusiki, ni uzembe wangu wa siku zote. Tafadhali nikirudi mnigombeze vizuri. Mwezi mzima sijagombezwa humu ndani, na nimeanza kujiona mgeni.

Binti yenu mzembe,
Somoe