Ukungu wa Kitonga

Jumamosi, Julai 1971

Amerudi! Siku nne kachelewa kutoka safari ya lori ya Zambia, nami nimejifanya sina wasiwasi, na leo mchana namwona Saidi wangu anashuka barabarani hapa Temeke kavaa sweta mbili, kanga yangu kaizungusha shingoni. Watu wanamcheka. Mie nilikimbia bila viatu.

"Makambako asubuhi maji ya ndoo yameganda, mke wangu," ananiambia. "Kioo cha lori cheupe kama kimepakwa chokaa!"

Kilichomchelewesha ni ukungu wa mlima Kitonga. Taa zilikuwa hazifiki popote. Akaliegesha lori kabla ya mteremko, akaweka mawe kwenye magurudumu, akakataa kushuka. Dereva mwenzake wa lori la nyuma akamcheka, "Umekuwa mwari, Saidi?" Akashuka zake.

Ukungu ulipopungua, Saidi alilikuta lile lori limelala ubavu kwenye kona. Mwenzake yu hai, mguu umevunjika. Akamtoa, akampeleka hospitali Morogoro, akakaa naye mpaka ndugu zake walipofika.

Na huku Mama Zuhura, jirani yangu, alishanizulia mke mwenza wa Iringa, eti ndiye aliyemchelewesha! Leo kaja kusalimia, kaaga upesi. Nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Wiki ijayo anarudi tena Zambia na baridi haijaisha. Naogopa, sikatai. Lakini mume wangu ni mtu wa kusimama hata wenzake wakimcheka, hilo sasa nalijua.

Amelala na jua lingali juu, soksi miguuni. Nimeshainuka mara tatu kwenda kumtazama tu. Naenda tena.