Dohani ya Bibi Hester Haivuti

Solon, Maine
3 Novemba 1980

Alden mjukuu wangu,

Hujambo huko kambini? Miti haijakuangukia bado? Mimi mzima, ila macho mekundu kama ya mlevi. Lile jiko la chuma alilolisukumiza mjomba wako Royce ndani ya meko ya sebuleni linanitemea moshi. Nikiwasha, moshi wote unatokea mlangoni, juu hauendi. Kuni kavu, dohani ilifagiwa Septemba.

Royce anasema dohani imekufa. Anakuja Jumamosi ya tarehe 22, na akikuta moshi ananihamishia kwake Portland, ghorofa ya tatu, nyumba iuzwe. Wanangu wote wanne nimewazalia humu.

Wewe ulikaa na fundi majiko misimu miwili. Nifanyeje, mume wangu?

Bibi yako


Kambini, 8 Novemba

Bibi, shikamoo.

Sijambo, theluji tu imefika magotini. Mwandiko wangu unaujua, vumilia.

Dohani haijafa. Kabla ya kuwasha, washa kiberiti ukishike mlangoni mwa jiko. Moto ukiinama kuja kwako, hewa inashuka badala ya kupanda. Sasa bandua plastiki ya dirisha la karibu, lifungue upana wa vidole viwili, jaribu tena. Ukiinama kuingia ndani, mgonjwa si dohani, ni nyumba.

Mwezi wa kumi mjomba alizungushia msingi matawi ya misonobari kuzuia baridi, akapigilia plastiki kila dirisha, akaziba mpaka tundu la ufunguo. Kama kila mtu huku, ndiyo, lakini yeye alizidisha. Moto unataka hewa ya kupanda nayo. Ikikosa pa kuingilia, inashukia kwenye dohani na kurudi na moshi.

Mimi ndiye niliyekuwa namshikia misumari. Nilijua, nikanyamaza. Usimwambie ni mimi niliyesema.

Mjukuu wako


Solon, 13 Novemba

Alden,

Wazima huko? Mimi nakohoa kidogo, si neno.

Kiberiti kilinijia usoni. Nikafungua dirisha, kikageuka kama kimeitwa! Nikawasha, moshi ukapanda. Nikafunga dirisha, ukarudi.

Nikampigia Royce simu. "Mama, unapasha nyumba moto na dirisha wazi? Ndiyo maana nataka uhame." Nikamwambia umesema wewe, nisamehe. Akacheka. "Bubu kasema? Lini huyo kafungua mdomo?"

Dirisha likikaa wazi mgongo unaganda, na Royce mimi simwezi kwa maneno. Njoo useme mwenyewe.

Bibi yako


Kambini, 17 Novemba

Bibi, shikamoo.

Nakuja na lori la magogo, Jumamosi asubuhi. Funga dirisha, rudisha plastiki, usiwashe kitu mpaka mjomba afike. Nataka aone.

Mjukuu wako


Solon, 1 Desemba

Mume wangu,

Ulifika salama? Kifua chako vipi na baridi hiyo? Mimi kikohozi kimekwisha.

Bado nakuona umepiga magoti na keekee ya kutobolea, tundu la ukubwa wa kikombe kando ya jiko, na Royce juu yako anapiga kelele: "Mimi nimeziba kila ufa, wewe unatoboa ukuta!" Ukaweka wavu wa kuzuia panya, kifuniko cha kusukuma, ukawasha gazeti. Dohani ikanguruma. Kisha ukaziba tundu kwa kiganja, moshi ukamjia yeye puani. Ukaondoa kiganja, ukaondoka zako.

"Mbona hakusema siku ile naziba?"

Nikamwambia, "Ulimuuliza?"

Lori lilikuwahisha, hukuyaona ya baadaye. Royce alikuwa amekuja na maboksi kumi na mawili ya kufungia vyombo vyangu. Akakaa mbele ya jiko, akavua koti, akavua sweta, mwisho fulana tu, jasho linamtoka. Akalala hapo hapo kwenye kiti. Asubuhi makaa yalikuwa bado mekundu. Akanywa kahawa, akayakunja maboksi, akayarudisha garini moja moja. "Usisahau kufungua hicho kitundu kabla ya kuwasha," ananiambia mimi!

Jana nimeletewa kuni nilizoagiza, shehena tatu. Mbichi. Mwenye lori akaniuliza, "Mama Hester, hizi mpaka zikauke si mwaka mzima?"

Nikamwambia ashushe.

Bibi yako