Kwako Mama, Uliyekataa Mkono wa Mtoto Ukatwe

Leo mwaka umetimia, mama, tangu moyo wako usimame ghafla ukatuacha midomo wazi.

Ulikuwa daktari wa maabara, mpimaji wa vipande vya nyama vilivyotolewa kwa wagonjwa. Ulirudi nyumbani macho mekundu kwa kuinamia darubini, ukavua viatu mlangoni, ukamuuliza kila mmoja amekula nini kabla hujauliza umebakiziwa nini. Miwani uliitafuta nyumba nzima nayo iko kichwani pako. Mezani ulituambia kufanana si undugu: vivimbe vingi vya ngozi na nyama vina seli zinazofanana, ndefu, nyembamba, zimechongoka ncha zote mbili, lakini kila kimoja kina asili yake na dawa yake.

Basi akaletwa mtoto wa kike, bado ananyonya, ana uvimbe mkononi. Mkuu wa upasuaji, yule uliyempa jina la Panga, alikuwa ameshaamua.

"Saratani ni saratani. Tunakata begani, tunaendelea na kazi."

Ukamwambia hujamaliza kupima. Ulishuku jeni mbili, chembe za urithi ndani ya seli, zimekatika na kuungana pasipostahili, na kama ndivyo, dawa ipo. Akacheka mbele ya wauguzi.

"Mama, acha hadithi zako za jeni. Mimi nakata mikono tangu wewe uko shule."

Sifa gani hiyo! Hata shoka lingeweza kujisifu hivyo.

Ulikwenda wodini ukamwambia mama wa mtoto, "Usikubali chochote mpaka majibu yarudi." Panga akakushtaki kwa wakubwa, ukaitwa, ukakaripiwa kama mtoto mtukutu.

Majibu yakarudi: jeni zilikuwa zimeungana, vilevile ulivyosema. Mtoto akaanza dawa, uvimbe ukanywea wiki hadi wiki, mabaki yakatolewa, na mkono ukabaki mahali pake. Panga hakukuomba radhi. Alikupita ukumbini akitazama dari.

Kisha, siku ya mazishi yako, mtu huyohuyo akashika kipaza sauti, tumbo mbele, akasimulia jinsi "tulivyouokoa" mkono ule. Akakuita msaidizi wake hodari! Bibi, mama yako mzazi, akamuuliza mbele ya umati, "Mwanangu alikusaidia nini wewe, kukunoa?" Watu wakainamisha vichwa kuficha kicheko. Haya hana, lakini masikio anayo, alitafuta kiti.

Juzi mtoto yule alikuja na mama yake kutuona. Kitindamimba wako alitaka kumshikia kikombe cha maziwa. Yule mgeni mdogo akakivuta kwa mikono yote miwili, akakunja uso.

"Mwenyewe!"

Unakumbukwa na mama yako, mumeo, wanao watatu, dada zako, na mtoto huyo ambaye hakuwahi kulijua jina lako. Wewe hatutakusahau maisha yetu yote, kwa upendo. Na yeye Panga pia hatutamsahau.