Bibi Hakuteleza

Jamali na Hadjara,

Nimerudi kuchukua kitenge cha bibi yenu, naenda tena hospitali. Ndagala za kukaanga ziko chini ya sinia, mle. Damu iliyo mkekani isugueni kwa maji baridi. Miwani ya mchezo ~~itupeni ziwani~~ ifungieni kabatini.

Asubuhi mlikuwa mnaua mazombi ya mchezoni pamoja, macho na masikio yamefunikwa na miwani hiyo. Jamali, bibi alikuwekea mkono kichwani akuombee dua, kama kila siku. Ukapiga kelele, "Iko moja nyuma yangu!" Hadjara, ukamjibu, "Mupige, afe!" Jamali, ukampiga bibi mara tatu kwa rimoti. Pua imevunjika, nanyi mkakimbia.

Bibi amewaambia wauguzi kwamba aliteleza. Mimi sitasema hivyo. Jamali, njoo hospitali useme mwenyewe kabla ya saa kumi.

Mama yenu