Siku Ami Alipokuja Kula Kwetu

Jumatatu, 5 Februari 2024

Ami Abdulqadir, ndugu yake Baba, ameingia hotelini leo. Baada ya miaka kumi na miwili! Nilikuwa napanguza nikasikia salamu, nikadhani ni mteja tu. Amekonda mno. Alhamisi anapelekwa Mombasa, atafanyiwa operesheni ya moyo. Ndiyo sababu amevuka kutoka Kizingitini.

Hoteli hii aliianza Babu Jamaludin kwa chungu kimoja cha wali, akiwauzia watu wanaongoja mashua. Wote walikula kwenye sinia, wanne wanne, tajiri na hamali, wajuane wasijuane. Alipofariki, Ami akataka tuweke sahani na meza ndogo ndogo kwa ajili ya watalii. Baba akakataa. Wakarushiana maneno mazito mbele ya wateja. Ami akaondoka, na tangu hapo ndugu hawa hawajasemezana.

Nimemkaribisha kwenye sinia ya wavuvi watatu wa Kiunga, kisha nikaenda jikoni kumwambia Baba. Hakugeuka. Alikoroga mchuzi kitambo.

"Mpe kitwa cha samaki," akasema.

Basi. Hilo tu. Ami anapenda kichwa cha samaki tangu utotoni.

Jumanne, 6 Februari 2024

Amekuja tena. Kala kidogo sana. Akaniuliza, "Umulkheir, babako hajambo?" Nikamwambia yuko hapo nyuma ya mlango, aingie. Eti jikoni kuna moshi, daktari kamkataza.

Na Baba naye! Wateja walipokwisha akaniuliza kama Ami amekula. Kama anakohoa. Kama usiku analala. Nikamwambia toka umuulize mwenyewe, bado yuko barazani. Akasema ana kazi nyingi. Kazi gani? Alikuwa anasugua sufuria iliyokwisha kutakata.

Nimekasirika. Lakini nikiwaza, wote wawili wananihurumisha.

Jumatano, 7 Februari 2024

Naandika hapa hapa mezani.

Leo Ami kaletwa na bintiye, Israa, akamwacha ale. Nimemketisha na mwalimu Kirimi na wenzake wawili. Vidole vya Ami vinatetemeka, hawezi kumchambua samaki. Kirimi akawa anamtoa samaki miba, anamsogezea Ami minofu upande wake, huku akiendelea na hadithi zake za shule. Hata hakumtazama. Na Ami akala! Akala mpaka upande wake ukaonyesha bati.

Walipoondoka wale, akaniambia taratibu, "Ningepewa sahani yangu peke yangu, leo ningetoka na njaa."

Kisha akainuka, akaishika sinia. Nikamkimbilia. Katika hoteli hii mgeni habebi chombo, hata awe nani, Babu alikuwa akiwapokonya.

"Wata, mwanangu," akasema. "Mimi si mgeni."

Nikawata, nikamwachia sinia. Kasukuma mlango wa jikoni kwa bega.

Halafu nikamsikia Ami: "Wali una iliki nyingi."

Nikamsikia Baba akigonga mwiko kwenye sufuria. Nikadhani mambo yameharibika. Kisha, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Ndivyo alivyokuwa akipika Baba."

"Baba alikuwa akizidisha."

"Alikuwa akizidisha, ndiyo."

Ami anakohoa. Nasikia kigoda kinaburutwa. Baba anasema keti, keti hapa, usisimame. Huku nje watu wanataka chakula, sinia tatu hazijatoka, kila mtu ananiangalia mimi, na mimi siufungui mlango ule —